Nimeungama nyumbani: mimi ni mtu wa Linux

Wikiendi hii nilikwenda nyumbani, nimerudi hosteli nikiwa mwepesi kweli. Nimetua mzigo niliobeba muhula mzima.

Siri yenyewe ni hii: kompyuta aliyoninunulia Mzee nilipoingia chuo, Windows nilishaitoa. Natumia Ubuntu. Ninayelala naye chumba kimoja anajua, nyumbani hakuna aliyejua. Nikienda likizo naiacha makusudi, nasema chaja imekufa.

Kwa nini kuficha? Kwetu kompyuta NI Windows. Ukiitoa, umeharibu mali. Na mali ile Mzee aliilipia kidogo kidogo kwa miezi minane.

Sasa Jumamosi akaniita. Kasikia Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tangu Oktoba 2025, kwa hiyo kapata fundi wa mtaani wa kuniwekea mpya kwa elfu thelathini. Mpya yenyewe ya kunakili, haina leseni! Hela alishaitenga. Hapo nikashindwa.

"Baba, usimlipe. Windows haimo. Niliitoa mwenyewe."

Kimya. Mama ndiye aliyeanza: "Na picha za harusi ya dada yako?" Nikamwambia zipo, nilizihamisha kabla sijagusa chochote. Nikamfungulia akaziona.

Mzee bado. "Kitu cha bure kina mwenyewe. Huyo mwenyewe ni nani?" Nikamweleza: Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki. Ubuntu ikaja 2004, mwanzilishi wake Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo ndilo "utu" wetu. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Sio mambo ya wahuni, Baba.

Akanipa flashi yenye hesabu za kikundi chao cha kuzikana. Faili likafunguka, ila safu mbili zilibanana, badala ya namba zikatokea alama za reli. "Unaona?" Nikazipanua, namba zikarudi. Akachukua kalamu, akajumlisha upya yeye mwenyewe. Ikalingana.

"Haya. Lakini ya kwangu usiiguse."

Basi msimamo wangu ni huu. Sisemi wote mhame. Kama kozi yako ina programu inayokubali Windows tu, baki huko. Hata mimi ripoti naigeuza PDF kabla ya kwenda kuchapisha, maana mpangilio uliofanywa huku ukifunguliwa kwenye Word unaweza kuvurugika. Ila tusiwaache wazazi walipie nakala ya wizi eti kwa sababu tunaona aya kusema tumechagua kitu cha bure na cha halali. Mimi nilijiona mjanja, nafikiri siri yangu haimgharimu mtu. Kumbe ilibaki kidogo imgharimu Mzee elfu thelathini, na angetoa kwa moyo mweupe kabisa.

Kama nawe unaficha, sema mapema, fundi hajalipwa. Utagombezwa kidogo, halafu utapewa flashi.

Haya, kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Tuonane kantini.