Hereni ya pembe isirudi jalalani

JICHO LA KAGERA
Na Adelina Kokushubila

Ng'ombe akichinjwa Ngenge au Kamachumu wilayani Muleba, au Bukoba mjini, karibu kila kiungo chake kina mteja. Kongoro limeshawekewa oda, utumbo una watu wake, ngozi ina mnunuzi. Pembe ndizo hukosa mwenyewe, na mara nyingi huishia kwenye lundo nyuma ya machinjio. Katika mkoa huu wa Kagera pembe si kitu kidogo. Ng'ombe wa Ankole, aliyezoeleka Karagwe na kwenye maeneo ya ufugaji ya Muleba, hubeba kichwani pembe ndefu, nene kwenye shina, zenye mawimbi ya rangi ya maziwa, kahawia na nyeusi.

Kampala na Nairobi wameshaiona mali hiyo. Mafundi wa Kibera huchukua pembe na mifupa machinjioni. Pembe huchemshwa mpaka kiini cha mfupa kilegee na kutoka, hukatwa kwa msumeno, kipande hupashwa moto kikalainika, kisha hubanwa kati ya vibao kinyooke. Baada ya hapo ni tupa, msasa na kitambaa cha kung'arishia. Shaba ya ndoano hutokana na kufuli mbovu na koki za maji zilizoyeyushwa. Kampuni ya Soko, iliyoanzishwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010, imejenga biashara juu ya ufundi wa namna hii: fundi hupokea oda kwa simu ya mkononi, huifanyia kazi kwenye karakana yake, na bidhaa huuzwa hadi Marekani. Arusha kuna Shanga, ambako mafundi wenye ulemavu huyeyusha chupa tupu na kuzigeuza shanga na vyombo vya mezani.

Kazi hizo zinastahili sifa. Lakini soko la urembo uliotokana na taka lina swali ambalo wauzaji hawaulizwi: hereni ikiharibika, inakwenda wapi?

Itazamwe hereni moja ya aina inayouzwa kwa watalii. Kipande cha pembe kimegandishwa kwa gundi kwenye bamba la shaba. Shaba imepakwa rangi ya dhahabu. Juu kuna kijiwe cha plastiki, nacho kimeshikwa na gundi, na ndoano ni ya chuma kisichojulikana asili yake. Gundi ikiachia, fundi hana pa kuanzia. Akiyeyusha bamba, gundi na rangi vinaungua na kutoa moshi mbaya. Akitaka pembe, lazima aikwangue mpaka iishe. Kitu kilichookolewa jalalani kimerudi jalalani, tena kibaya kuliko kilivyotoka. Pembe tupu ingesagwa ikawa mbolea. Hii yenye gundi na plastiki haifai hata kwenye shina la mgomba.

Hapo ndipo uchumi wa mzunguko, ule wa kurudisha kitu kazini badala ya kukitupa, unapotofautiana na kuokota taka. Kazi inaanza kwenye mchoro, kabla fundi hajashika msumeno: aamue mapema kitu kitafunguliwaje, kitatengenezwaje na kitarudi kwa nani.

Sonara amefanya hivyo siku zote bila semina. Mwanamke hupeleka mkufu wa marehemu mama yake, unapimwa kwenye mizani mbele ya macho yake, unayeyushwa, inatoka bangili ya bintiye. Chini ya meza sonara hutandika ngozi au kitambaa kupokea unga wa tupa, na sakafu ikifagiliwa, vumbi halimwagwi hovyo. Anaweza kufanya hayo kwa kuwa dhahabu haipati kutu na mkufu wenyewe ni wa madini yanayojulikana. Akitumia mno dhahabu ya karati ya chini kuunganishia, ubora unashuka kila mkufu unapoyeyushwa. Kwa hiyo hata kiungo kidogo cha mkufu ni uamuzi unaomhusu mtu atakayeuyeyusha miaka 30 baadaye.

Wakubwa wa dunia sasa wanaelekea huko huko. Pandora ya Denmark, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za urembo duniani, ilitangaza mwaka 2024 kwamba imeacha kununua fedha na dhahabu mpya kutoka migodini na inatumia iliyorejelezwa. Medali za Olimpiki ya Tokyo zilitokana na vifaa chakavu vya umeme, zikiwemo simu za mkononi zaidi ya milioni sita, na humo zilipatikana takriban kilo 32 za dhahabu. Kwa Kagera, jirani wa Geita, habari hizo si za mbali. Wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa bado hukamatia dhahabu kwa zebaki, sumu ambayo Tanzania iliahidi kuipunguza iliporidhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Dhahabu ya mkufu wa zamani haihitaji zebaki ili iwe bangili.

Wala mkoa huu haufundishwi moto. Wahaya waliyeyusha chuma tangu karibu miaka 2,000 iliyopita, na utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha kuwa tanuri zao zilitoa chuma cha pua.

Kwa kikundi cha vijana au akina mama wa Ngenge kinachotaka kuanza, mambo ya kubadili ni madogo na yako mezani. Pembe ishikwe na kijisumari cha shaba kilichogongwa ncha zote mbili, au izungushiwe waya, badala ya gundi. Sehemu zote za madini ziwe shaba ileile, bila kupakwa rangi. Nta ya nyuki ichukue nafasi ya vanishi. Unga wa pembe unaotoka kwenye msumeno na tupa upelekwe kwenye migomba na kahawa. Kila kipande kigongwe alama ya kikundi, na mteja akirudisha cha zamani apunguziwe bei ya kipya.

Itachukua muda zaidi, hilo halina ubishi. Kupiga kijisumari si sawa na kudondosha tone la gundi, na bei itapanda. Lakini kazi inayoweza kufunguliwa inaweza kutengenezwa, na matengenezo ni kipato ambacho muuzaji wa hereni ya gundi hakipati kamwe.

Kuna mitego miwili. Shaba chakavu inunuliwe kwa mtu anayejulikana, kwa kuwa mita za maji na nyaya za umeme huibwa kwa ajili ya soko hilihili. Na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, inagusa Wilaya ya Muleba: kipande cha pembe ya mnyamapori kikikutwa kwenye karakana bila kibali, sheria haitauliza kama ni hereni. Kikundi kitunze risiti ya machinjio kwa kila mzigo.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kukopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne na mbili. Maombi ya vikundi vya urembo yanapofika Muleba, ofisa maendeleo ya jamii adai sampuli moja, aombe ifunguliwe mbele yake kwa koleo, na aone kama pembe inatoka nzima na shaba inatoka safi. Ikitoka hivyo, mkopo utolewe, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) Bukoba lisaidie kupata mashine ya kubania pembe na mota ya kung'arishia.