Kuhama au Kubaki?

Wiki jana kijana niliyemfundisha alinijia nyumbani hapa Gatongora akiomba nimwandikie barua ya mapendekezo apate kwenda ng'ambo. "Mwalimu, nchi hii imenichosha," aliniambia. Mwaka 2024 walimu wanagenzi wa JSS waligoma wakidai ajira ya kudumu. Yeye, pamoja na shahada yake, hata huo unagenzi hajaupata. Hulipwa na wazazi, pesa zikipatikana.

Wapo wanaodai kwamba anayehama ni msaliti. Mimi siafiki. Jirani yetu wa Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliwekwa kizuizini Desemba 1977 bila kufunguliwa mashtaka, baada ya kuigiza tamthilia na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Alipoachiliwa mwaka uliofuata hakurudishiwa kazi yake ya chuo kikuu, na tangu 1982 akaishi uhamishoni. Aliporudi kuzuru mwaka 2004, yeye na mkewe walivamiwa jijini Nairobi. Nani atamlaumu kwa kufia Marekani mwaka 2025?

Hata hivyo, Profesa Wangari Maathai alibaki. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, akakejeliwa Bungeni. Januari 1999 akapigwa Karura. Bustani ipo, msitu upo, na wanafunzi wetu hutembezwa humo pasipo kuambiwa gharama yake (kosa letu sisi walimu).

Hayo yote nilimweleza kijana, kisha nikaiandika barua. Nilimsihi tu asiondoke kabla ya muhula kwisha, kwani darasa lake halina mwalimu mwingine wa Hisabati. Hajanijibu.