TUANZE ZIARA NYUMBANI

Wahenga walinena, mwacha mila ni mtumwa. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili pamoja na walimu wetu wapendwa, methali hii twaiandika kila mara katika insha. Lakini ziara ya shule ikitajwa tu, darasa zima hupiga kelele, "Nairobi!" au "Mombasa!" Mimi siungi mkono.

Tazameni Wajapani. Mji wao wa Kyoto ulikuwa makao ya wafalme kuanzia mwaka wa 794 hadi karne ya 19. Hadi leo shule kutoka pembe nyingi za Japani huwapeleka wanafunzi huko wakaone mahekalu na majumba ya kale.

Je, sisi hatuna cha kuona? Tunacho, tena kingi! Karibu na Kalokol, ukitoka Lodwar kuelekea ziwani, kuna nguzo za mawe za Namoratunga. Wataalamu wanasema ni makaburi ya wafugaji wa miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Wazee wetu nao husimulia kuwa ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuka mawe. Lodwar yenyewe ndiko Mzee Jomo Kenyatta alikozuiliwa na wakoloni tangu 1959 hadi 1961, alipohamishiwa Maralal. Na huko Nariokotome, mwaka wa 1984, Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Najua wapo watakaosema, "Ah, mawe tu hayo! Kwani hapa Kalemng'orok hakuna mawe?" Basi mgeni aliyetoka Ulaya kuja kuyaona akituuliza habari zake, tutamjibu nini? Tutamtolea macho tu?

Wengine watasema pesa hakuna. Lakini safari ya Nairobi ndiyo inayomaliza pesa. Isitoshe, basi litapita Kainuk, barabara ambayo visa vya uvamizi vimeripotiwa mara nyingi. Lodwar iko upande wa pili, tena ni karibu zaidi.

Sikatai Nairobi. Mifupa ya yule mvulana imehifadhiwa huko katika Makumbusho ya Taifa, na inafaa tuione. Lakini tukiingia mle bila kujua Nariokotome iko wapi, tutakuwa wageni mbele ya mtu wa kwetu.

Maoni yangu ni haya: kila mwanafunzi apelekwe Lodwar na Kalokol kabla hajafika kidato cha tatu. Kabla ya safari, amwulize mzee mmoja habari za Namoratunga, kisha aziandike kwa Kiswahili. Masimulizi yaliyo bora yachapishwe katika jarida hili, kwa maana wazee wetu hawatakuwapo milele.

Tamasha la utamaduni la Lodwar huitwa Tobong'u Lore, yaani rudini nyumbani. Walimwengu wanaitwa waje. Shime wenzangu, na sisi tuliozaliwa hapa twende tukaone!