Masaji ni tiba au ni ‘mambo mengine’? Kijana, jua unacholipia

UKIPITA katikati ya Nairobi, hukosi kuona kijikaratasi kimebandikwa kwenye nguzo ya stima: neno ‘Masaji’, nambari ya simu, basi. Hakuna jina la duka wala bei. Ndiyo maana ukimwambia rafiki yako unaenda kukandwa mgongo, anacheka na kukukonyeza.

Utani huo una gharama. Anayeumia kikweli anaona haya kutafuta huduma, naye aliyesomea kazi hii anachukuliwa kuwa anauza kitu kingine.

Tena si mambo ya kuletwa na wageni. Kiswahili kina kukanda, kuchua na kusinga, na kila neno lina kazi yake. Kule Pwani mama aliyejifungua hukandwa kwa maji moto, naye bi harusi husingwa kwa singo kabla ya siku yake. Hakuna anayekonyeza jicho hapo.

Na uhitaji upo. Kuna anayeinamia kompyuta kutwa nzima, na kuna wa bodaboda anayeshinda juu ya pikipiki hadi usiku. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020. Desemba 2023 lilitoa mwongozo kuhusu maumivu hayo yanapokuwa sugu, na masaji yamo miongoni mwa tiba zilizotajwa, sambamba na mazoezi. Ile mishipi ya kufunga kiunoni? WHO ilisema isiwe tiba ya kawaida kwa wengi.

Lakini masaji ni ya aina nyingi. Ile ya Kiswidi ndiyo ya kuanzia: mafuta, mikono inayoteleza na kukanda polepole. Inafaa aliyechoka au mwenye mawazo tele. Masaji ya kina hubonyeza misuli ya ndani kwa nguvu, hasa shingo na mabega yaliyokaza. Utasikia uchungu kidogo, ila ukianza kung’ata meno, mwambie apunguze.

Masaji ya wanamichezo unaweza kuyaona Iten na Kaptagat, ambako kwa wanariadha kukandwa baada ya mazoezi makali ni sehemu ya kazi. Ya Kithai hufanywa ukiwa umevaa nguo, bila mafuta, huku ukivutwa na kukunjwa viungo. UNESCO iliyatambua kama urithi wa utamaduni mwaka 2019. Shiatsu ya Wajapani nayo hutumia vidole kubonyeza sehemu maalumu za mwili.

Faida zake ni hizi: misuli hulegea, maumivu hupungua kwa muda na wengine hulala vizuri. Anayekuahidi kwamba masaji yatatoa sumu mwilini au kuyeyusha kitambi anakupiga porojo. Sumu hutolewa na ini na figo zako, bure.

Kuna wakati pia hufai kukandwa. Ukiwa na homa, kidonda kibichi au mfupa uliovunjika, ngoja. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, kimbia hospitalini, kwa kuwa huenda damu imeganda kwenye mshipa na kuukanda ni hatari. Mjamzito naye aulize kliniki kwanza. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na ganzi miguuni ni ya daktari, si ya spa.

Hapo ndipo tatizo letu linajitokeza. Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya 2014 iliunda baraza la kuwasajili wataalamu hao, kwa hivyo unaweza kumuuliza mtu kama amesajiliwa. Mkandaji wa spa si mtaalamu wa fiziotherapia, na mara nyingi mteja hana njia rahisi ya kujua kama alisoma au alianza jana.

Anayeumia zaidi ni mfanyakazi. Hebu fikiria msichana aliyelipiwa karo ya kozi ya urembo na mzazi anayeuza mboga. Anapata kazi, anafunga mlango wa chumba, na mteja anaanza kudai ‘ile ingine’. Akikataa, anaogopa bosi atamfuta. Akilalamika, anaambiwa si ulijua hii kazi ni ya aina gani. Msako wa polisi ukifika, huenda akakamatwa yeye huku mwenye biashara akiwa kwake.

Kaunti zikitaka kusafisha biashara hii, zianze na leseni inayodai cheti cha mkandaji, bei ziandikwe ukutani na mfanyakazi awe na mahali pa kushtaki.

Wewe nawe, kabla ya kulipa, uliza: umesomea wapi, hii ni masaji ya aina gani, na mbona hujaniuliza kama nina ugonjwa? Mkandaji anayejua kazi huuliza hilo la mwisho kabla yako. Na ukishalala pale kitandani, mheshimu. Yuko kazini kama wewe.