Namba imepanda, dawa haijafika

SAFU: Afya ya Nyumbani
Na Zuhura Mbwana

Dada yangu mkubwa alinipigia simu Jumatatu, sauti imemkauka. Majibu ya damu yametoka: TSH 14, na pembeni pana herufi H. "Dawa ya thairoidi imenizidi mdogo wangu," akasema. "Tangu jana nakata kidonge nusu."

Moyo ulinipasuka. Hizo nusu zingemrudisha kulekule alikotoka: baridi isiyoisha, choo kigumu, nywele zinazobaki kwenye kitana.

Simlaumu. Alipewa karatasi dirishani bila neno, na TSH kwa asiyeelezwa husomeka kinyume. Homoni hiyo haitoki kwenye tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Inatoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza ile ya shingoni. Thairoidi ikilegea, pituitari huongeza himizo na namba hupanda; homoni ya thairoidi ikizidi mwilini, hata kwa sababu ya vidonge, namba hushuka. Maabara nyingi huhesabu karibu 0.4 hadi 4 kuwa kawaida. Kwa mgonjwa kama dada, 14 maana yake dawa haitoshi. Au haifiki.

Nikamuuliza anameza na nini. Na chai ya maziwa, akasema, pamoja na vile vya kuongeza damu, ili amalize vyote kwa mara moja.

Levothairoksini, ndiyo dawa yake hiyo ya thairoidi, inataka maji matupu na tumbo tupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai. Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu huishika humohumo tumboni isiingie kwenye damu, na kalsiamu vilevile. Vipishane nayo kwa muda wa saa 4. Dada aliandikiwa vidonge hivyo katika vyumba viwili tofauti, na hakuna aliyeviweka vyote juu ya meza moja. Hilo linaniuma kuliko ile karatasi. Daktari akiona 14 asiulize, ataongeza dozi; kisha siku mgonjwa akianza kumeza vizuri, moyo utamwenda mbio na mikono itatetemeka. Swali la "unameza saa ngapi, na nini?" halihitaji mashine wala fedha. Liulizwe kila mara, kabla kalamu haijagusa dozi.

Na tusikimbilie kupima kila wiki. Dawa hii huchukua takriban siku 7 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo dozi ikibadilika, damu husema kweli baada ya wiki 6 hadi 8. Mjamzito ndiye asiyengoja: mahitaji yake hupanda mapema, aende kliniki mara tu anapojua.

Dada alirudi kwa daktari wake siku ileile. Dozi haikuguswa. Sasa anameza kidonge kizima akishasali alfajiri, na bilauri ya maji, vya damu vimehamia jioni. Anapima tena mwezi ujao.