Aliyeinuka ndiye anayenitisha

Novemba 29, 2020, pale Emirates, Raul Jimenez wa Wolves na David Luiz wa Arsenal waligongana vichwa dakika za mwanzo kabisa. Jimenez alitoka kwa machela, fuvu limepasuka, akafanyiwa upasuaji usiku huohuo. Luiz akafungwa bandeji, akaendelea kupiga mpira huku damu inalowa, hadi mapumziko ndipo akatolewa.

Dunia nzima ilimwangalia Jimenez. Mimi aliyenitisha ni Luiz.

Mchezaji akiinuka tunapiga makofi, “huyo ndio mwanaume!” Lakini ateri iliyo nyuma ya mfupa wa panja ikichanika, inaweza kuvuja taratibu. Jamaa anaongea vizuri, anakumbuka hadi matokeo, saa chache baadaye anazima kama simu.

Hilo madaktari wanalijua. Yanayoponyoka ni yale adimu. Shingo ikipindishwa ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unaweza kuchanika, damu ikaganda pale, na siku kadhaa baadaye kijana mzima anapata kiharusi. Dalili zake ni rahisi kupuuza: shingo kuuma upande mmoja, kope moja kulegea. Au mshipa wa nyuma ya jicho unatoboka, jicho linavimba na kuwa jekundu, mchezaji anasikia mvumo kichwani unaokwenda na mapigo ya moyo. Huyo anapewa dawa ya matone, anaambiwa akapumzike!

CT-Scan ya kawaida inaweza isiyaone haya. Inatakiwa ile ya mishipa, unayochomwa dawa kwanza ili damu ionekane kwenye picha. Yakiwahiwa yanatibika. Ule wa shingo mara nyingi ni dawa za kuzuia damu kuganda tu. Wa nyuma ya jicho daktari anapitisha mrija mwembamba kutokea kwenye paja, anaziba tundu bila kufungua fuvu.

Tangu Julai 1, 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuwa na mabadiliko ya ziada kwa aliyeumia kichwa. Kwenye ndondo zetu bado tunamwaga maji. Nimewahi kuona beki akimwagiwa chupa nzima, akarudishwa uwanjani anayumba. Nilikuwa pale na daftari langu. Niliandika bao, yeye sikumwandika.

Neno la mwisho liwe la daktari wa timu, si kocha, wala mchezaji mwenyewe, maana huyo atasema yuko fiti tu. Na wiki nzima baada ya mechi ampigie simu kila siku, amuulize habari za shingo na jicho.