NCHI NA WATU WAKE: Røst, Kisiwa cha Samaki Mkavu

Katika bahari ya kaskazini ya nchi ya Norwei, kiasi cha kilometa 100 kutoka mji wa Bodø ulioko bara, kuna kisiwa kiitwacho Røst. Ndicho cha mwisho katika safu ya visiwa vya Lofoten, na mbele yake hakuna ila bahari tupu. Kisiwa chenyewe ni tambarare kabisa, wala hapana mahali palipoinuka kupita kimo cha mnazi; lakini kimezungukwa na visiwa vidogo na majabali mengi sana, hata husemwa kwamba hesabu yake ni 365, sawasawa na siku za mwaka. Wakaaji wake ni watu 500 hivi. Misitu hakuna, wala mashamba ya nafaka ya kuwatosha watu. Kondoo hupata majani mazuri, lakini kondoo peke yao hawakuweza kuwalisha wenyeji kwa karne zote hizo.

Kilichowalisha ni samaki. Kila mwaka, toka Januari hata Aprili, samaki mkubwa aitwaye torsk hutoka katika bahari ya Barents, mbali kaskazini, akaja kutaga mayai katika maji ya Lofoten. Huja makundi kwa makundi, na wavuvi humngojea kwa nyavu na mishipi.

Tena hali ya hewa ya mahali hapa ni ya ajabu. Ingawa Røst iko ng'ambo ya Duara ya Aktiki, mkondo wa maji ya uvuguvugu utokao kusini kwa Atlantiki huifikia pwani ile, hata baridi yake si kali kama inavyodhaniwa. Samaki hukatwa kichwa, akatolewa matumbo, kisha hufungwa wawili wawili kwa mikia na kutundikwa juu ya vichanja vikubwa vya miti. Hatiwi chumvi hata chembe. Kama jua lingekuwa kali, angeoza na kuingia mabuu kabla ya kukauka; kama baridi ingezidi, angeganda na nyama yake ingeharibika. Huko hapatwi na hili wala lile. Baada ya miezi mitatu hivi, samaki wa kilo 5 amebaki kilo 1 tu, mgumu kama gogo, naye aweza kuwekwa miaka pasipo kuharibika. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana ng'onda wao. Lakini ng'onda hupasuliwa na kuanikwa juani, na huyu wa Røst hukaushwa zaidi na upepo.

Sifa za Røst zilifika mbali kwa sababu ya msiba. Mwezi wa Aprili 1431, bwana mmoja wa Venice, Pietro Querini, alitweka kutoka kisiwa cha Krete pamoja na watu 68, merikebu yake imejaa mvinyo na viungo vya kuuzwa Flanders. Tufani iliwavunjia usukani na kuwasukuma mbali. Mwezi wa Desemba waliiacha merikebu wakaingia katika mashua mbili. Ndogo ilipotea na watu wake wote. Kubwa ilichukuliwa na bahari wiki kadhaa, watu wakifa kwa kiu na baridi, hata ikafika kisiwa kisichokaliwa na mtu karibu na Røst, Januari 1432. Walionusurika walikula konokono wa majabalini mpaka wenyeji walipowaona. Waliopona walikuwa 11 tu.

Watu wa Røst waliwachukua majumbani mwao, wakawalisha na kuwatunza zaidi ya miezi mitatu. Querini aliandika habari zao baadaye. Alisema kijiji kilikuwa na watu 120, nao hawakuwa na sarafu. Samaki mkavu ndiye aliyekuwa fedha yao. Walimponda kwa kisogo cha shoka kabla ya kumpika. Jambo lililomshangaza zaidi mtu huyu wa mji wa biashara ni kwamba watu wale hawakufungiana milango kwa kuogopa wizi. Mwezi wa Mei walipanda chombo cha mwenyeji wao kilichokuwa kikipeleka samaki Bergen, wakaanza safari ndefu ya kurudi kwao. Mwaka 1932, ilipotimia miaka 500, nguzo ya ukumbusho ilisimamishwa katika kisiwa kile walichofikia.

Lakini Querini alikuwa mgeni, na mgeni haoni yote. Samaki yule aliyepelekwa Bergen aliwatajirisha wengine kuliko waliomvua. Tangu karne ya 14 wafanya biashara wa Kijerumani wa chama cha Hansa walikuwa na makao yao Bergen, nao walikaa huko mpaka mwaka 1754. Waliwakopesha watu wa kaskazini nafaka, na mvuvi alilipa kwa samaki mwaka uliofuata. Na kwa kuwa deni halikuisha, hakuweza kumwuzia mtu mwingine. Baadaye wakaja mabwana wa vijiji vya uvuvi, wenye gati, vibanda na duka. Mvuvi alikodi kibanda kwa bwana, akanunua kwa bwana, akamwuzia bwana samaki wake kwa bei aliyoitaja bwana mwenyewe. Sheria ya mwaka 1857 iliwaondolea mabwana hao amri juu ya bahari ya Lofoten, lakini nchi kavu ilibaki mikononi mwao. Mageuzi makubwa ya bei yalikuja mwaka 1938, wavuvi walipopata chama chao cha kuuzia samaki, Norges Råfisklag, kilichopewa na sheria haki ya kuweka bei ya chini ambayo mnunuzi hawezi kuipunguza.

Siku hizi samaki bora hununuliwa sana na Waitalia. Vichwa navyo hukaushwa na kupelekwa Nigeria, ambako Waibo humwita samaki huyu okporoko. Wengi walimzoea wakati wa vita vya Biafra, 1967 hadi 1970, alipoletwa kuwa chakula cha msaada.

Hata hivyo wakaaji wa Røst wana mashaka. Ndege wa baharini aitwaye lunde, aliyekuwa na jozi karibu milioni 1.4 huko mwaka 1979, amepungua mno, kwa kuwa makinda hukosa visamaki vya kula. Na torsk mwenyewe amepungua: kiasi kinachoruhusiwa kuvuliwa katika bahari ya Barents kilishushwa kutoka zaidi ya tani 880,000 mwaka 2021 hadi tani 340,000 mwaka 2025. Mashua ndogo na kiwanda cha samaki vyote hutegemea hesabu hiyo.

Watoto nao huitegemea. Ni desturi ya Lofoten kwamba kazi ya kukata ndimi za samaki ni ya watoto. Wakati wa msimu, wakitoka shule, huenda gatini na visu vyao, wakasimama mbele ya rundo la vichwa, wakakata na kuuza ndimi kwa kilo, na fedha ni yao wenyewe.